Chuma cha Muko Kisiyeyushwe kwa Misitu Yetu

Kusini magharibi mwa Uganda, katika wilaya ya Rubanda, kuna mahali panapoitwa Muko. Chini ya mashamba ya viazi na mtama ya huko umelala mtapo wa chuma wa daraja la juu, ule ambao wanajiolojia huuita hematiti, na ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni chuma chenyewe. Mtapo tunao, lakini makaa ya mawe hatuchimbi. Kwa hiyo kila mjadala wa kuyeyusha chuma cha Muko hapa nchini huishia kwenye swali moja: tutayeyusha kwa kutumia nini? Na kila mara hujitokeza mtu mwenye jibu jepesi. Tutumie makaa ya miti, husema. Mvua tunayo, ardhi tunayo, mababu zetu walifanya hivyo, na Brazil wanafanya hivyo mpaka leo. Tena siku hizi huongeza kwamba njia hiyo ni rafiki wa mazingira.

Naandika insha hii kulipinga jibu hilo. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na jiografia, si mhandisi. Lakini hesabu inayohitajika hapa ni ya kuzidisha na kugawanya, tuliyofundishwa shule ya msingi, na wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wanaolipigia debe tanuru la mkaa hawajatufungulia daftari. Basi tulifungue wenyewe.

Kwanza tusafishe lugha, maana wengi hupotea hapo. Sisi wa Uganda, kama jirani zetu wa Kenya, tumezoea kusema “makaa” kwa vitu viwili tofauti: yale yanayochomwa kutokana na miti, na yale yanayochimbwa ardhini. Watanzania wamewahi kutenganisha: kwao “mkaa” ni wa miti, na “makaa ya mawe” ni ya ardhini. Nitafuata desturi yao. Kipo kitu cha tatu pia. Makaa ya mawe ya aina maalumu yakichomwa katika tanuri lililofungwa, bila hewa kuingia, hutoka yakiwa magumu, mepesi, yenye vitundu vingi kama sifongo. Kitu hicho dunia huita koki. Fundi bomba akilisikia neno hilo atafikiria mfereji wa maji, lakini kwa kuwa hatuna lingine lililozoeleka, nitalitumia. Mtu anaposema “tubadilishe makaa kwa makaa” pasipo kutuambia yapi kwa yapi, mwulize kwanza anazungumzia nini kati ya hivyo vitatu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mtapo wa chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni. Kuyeyusha ni kukinyang'anya chuma oksijeni hiyo. Katika tanuru kubwa la kupuliziwa hewa ya moto, koki hufanya kazi tatu kwa pamoja. Huleta joto. Huzaa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni na kuitoa nje. Na kazi ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kubeba mzigo. Ndani ya tanuru lenye urefu wa jengo la ghorofa kadhaa, mtapo na mawe ya chokaa hurundikwa juu ya koki, tabaka juu ya tabaka. Koki lazima isipondeke, ili hewa ya moto iendelee kupanda katikati ya mawe na chuma kilichoyeyuka kiteremke chini.

Mkaa unaziweza vizuri kazi mbili za kwanza. Tena una sifa ambayo koki haina: salfa yake ni kidogo sana, na majivu yake ni machache, hivyo chuma chake hutoka kikiwa safi. Hilo silikatai. Kazi ya tatu ndiyo inayoushinda. Mkaa ni mwororo; kila anayenunua gunia anajua kwamba chini yake kuna vumbi. Ndiyo maana matanuru ya mkaa duniani ni mafupi na madogo yakilinganishwa na ya koki. Mtu anayekuahidi kiwanda kikubwa cha chuma kinachoendeshwa kwa mkaa mtupu anakuahidi ng'ombe mwenye miguu ya mbuzi.

Baada ya hayo, nizijibu hoja zao moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni ya mababu. Ni kweli, na ni fahari yetu. Wafua chuma wa Bunyoro walijulikana mbali, na katika milima ya Kigezi abaheesi walitengeneza majembe na mikuki kabla mzungu yeyote hajafika. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wahaya, mkoa wa Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani warudie kazi hiyo mbele yao. Mwaka 1978 walichapisha katika jarida la Science maelezo yaliyowashangaza wengi: matanuru ya Wahaya, yenye mivukuto na mirija ya udongo, yalifikia joto kali sana, na kutoa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji. Chini ya tanuru walichoma matete ya kinamasi, na majivu yake pamoja na mkaa vilichangia kazi ile.

Lakini tuisome historia hiyo mpaka mwisho. Tanuru la namna hiyo lilijengwa kwa ajili ya myeyusho mmoja, na likatoa bonge la chuma la kufulia majembe, si shehena ya nondo za kujengea ghorofa. Kijiji kiliyeyusha kwa msimu, kikapumzika. Na hata kwa kiasi hicho kidogo, waliochunguza mabaki ya mkaa wa kale kule Buhaya wameona jinsi misitu ilivyopungua karne baada ya karne, na aina za miti iliyochomwa zikabadilika. Basi mababu wanatufundisha mambo mawili, si moja. Wanatufundisha kwamba Mwafrika aliweza kutengeneza chuma. Wanatufundisha pia kwamba tanuru lina njaa. Anayechukua somo la kwanza na kulitupa la pili hawaheshimu mababu, anawatumia tu.

Waingereza nao walilipata somo hilo. Kwa karne nyingi chuma chao kilitegemea mkaa, na wenye matanuru walizunguka wakitafuta kuni. Mwaka 1709, katika bonde la Coalbrookdale, Abraham Darby alifaulu kuyeyusha chuma kwa koki, na miaka kadhaa baadaye wengine wakamfuata. Sisemi kwamba koki ilikuwa baraka tupu. Moshi wake tunaulipia mpaka leo katika hali ya hewa ya dunia nzima. Nasema tu kwamba taifa lililotaka chuma kingi liligundua mapema kuwa msitu hautoshi. Ajabu yake ni sisi kuambiwa, baada ya miaka 300, kwamba msitu utatosha.

Hoja ya pili ni Brazil. Nayo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Katika jimbo la Minas Gerais kuna matanuru mengi yanayotumia mkaa, na nyuma yake kuna mashamba makubwa mno ya mikaratusi yaliyopandwa kwa ajili hiyo, miti ikivunwa kila baada ya miaka 7 hivi. Brazil ina ardhi pana kuliko Afrika Mashariki yote ikiunganishwa. Hata hivyo, katika eneo la Carajás, kwenye majimbo ya Pará na Maranhão, matanuru yalijengwa kabla ya mashamba ya miti kuwa tayari. Matokeo yake yanajulikana: mkaa ulitoka katika msitu wa asili wa Amazon, na katika kambi za kuchomea mkaa wakaguzi wa serikali ya Brazil yenyewe waliwakuta wafanyakazi waliokuwa wakiishi katika hali ya utumwa. Watu hawa walidaiwa madeni ya chakula na nauli yasiyolipika, wakachoma mkaa usiku na mchana.

Kwa hiyo Brazil ina mifano miwili, si mmoja. Kuna Brazil iliyopanda kwanza, na kuna Brazil iliyojenga kwanza. Nawauliza wenzangu: kwa jinsi tunavyoijua miradi ya kwetu, sisi tutafanana na ipi?

Sasa daftari. Tuchukue kiwanda kidogo, cha tani 100,000 za chuma ghafi kwa mwaka. Katika biashara ya chuma duniani hicho ni kitoto. Makadirio ya kawaida ni kwamba kila tani ya chuma ghafi katika tanuru la mkaa hula karibu kilo 700 za mkaa. Kiwanda chetu basi kitahitaji tani 70,000 za mkaa kila mwaka.

Mkaa hutoka wapi? Tanuri zuri la matofali, likisimamiwa na mtu anayejua, hutoa tani 1 ya mkaa kutoka tani 4 za kuni kavu. Tutahitaji tani 280,000 za kuni. Tuseme shamba zuri la mikaratusi linazaa tani 12 za kuni kavu kwa hekta kwa mwaka. Gawanya: ni zaidi ya hekta 23,000 za miti, zinazovunwa na kupandwa bila kukosa, mwaka hadi mwaka. Hizo ni kilomita za mraba 230 na zaidi.

Namba tupu haziumi, kwa hiyo tuziweke juu ya ramani. Msitu wa hifadhi wa Echuya, ulio jirani na Muko, una kilomita za mraba 34 hivi. Kiwanda hiki kitoto kinahitaji shamba la miti lenye ukubwa wa karibu Echuya saba. Hifadhi ya Bwindi, ambamo sokwe wa milimani wamebaki, ina takribani kilomita za mraba 320. Tanuru letu linahitaji theluthi mbili na zaidi za Bwindi. Na hapo nimewafanyia wenye hoja hisani kwa kuwapa tanuri zuri la matofali. Wachomaji wetu wengi wanatumia tanuri la kufukia kwa udongo, ambalo mara nyingi hutoa tani 1 ya mkaa kwa tani 6 au 7 za kuni. Ukitumia kipimo hicho, eneo linalohitajika linapita ukubwa wa Bwindi yote.

Kigezi ni wapi ambapo utapata hekta 23,000 zilizolala bure? Anayeifahamu milima ile anajua kwamba mashamba yamepanda mpaka vileleni, yamekatwa matuta, yamegawanywa kati ya ndugu mpaka kipande cha mtu mmoja kinaweza kuvukwa kwa hatua chache. Watu walianza kuhamishwa kutoka huko kwenda sehemu nyingine za nchi tangu enzi ya ukoloni, kwa sababu ardhi haikutosha. Hapo ndipo mtu anapotaka kupanda msitu wa tanuru. Akiupanda, viazi vitalimwa wapi? Asipoupanda, mkaa utatoka wapi kama si Echuya, na kama si misitu ya wilaya za mbali?

Hoja ya tatu huletwa kwa sauti ya kisayansi. Husema kwamba mti ukichomwa hutoa kaboni dioksidi, lakini mti mwingine ukiota huirudisha, hivyo hesabu ni sifuri. Ni kweli kwa sharti moja: mti huo mwingine uwe umepandwa, na usikatwe kabla ya wakati wake. Mkaratusi uliopandwa mahali palipokuwa na nyasi tupu unaweza kuitimiza hesabu hiyo. Mti wa asili uliokaa miaka 80 ukikatwa leo, hesabu yake itarudi wajukuu wetu wakiwa wazee. Tena tanuri la udongo lenyewe hutoa moshi wenye methani, gesi inayopasha dunia joto kwa nguvu kuliko kaboni dioksidi, kabla hata ya mkaa kufika kwenye tanuru la chuma. Sifuri hiyo iko katika karatasi ya matangazo. Kwenye mlima haipo.

Na hata kama hesabu ya kaboni ingekuwa sawa, kuna hesabu ya chungu. Zaidi ya kaya 8 kati ya kila 10 nchini mwetu hupika kwa kuni au mkaa. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi, kwa sababu miti ya Acholi na maeneo jirani ilikuwa ikiisha kwa ajili ya majiko ya mijini. Serikali iliyolazimika kumzuia mchomaji wa magunia machache itawezaje kumpa tanuru kibali cha kula tani 70,000? Tanuru na jiko vikishindana sokoni, tanuru lina mkopo wa benki, na jiko lina sarafu za mama muuza maandazi. Sote tunajua nani atashinda mnada huo. Wanafunzi wenzangu mnaojipikia vyumbani mtaijua bei mpya ya mkaa kabla hamjauona msumari mmoja wa Muko.

Hoja ya nne ndiyo ya kisasa zaidi. Husema: basi tuache miti, tutumie mkaa mbadala. Tuna maganda ya kahawa, makapi ya miwa, pumba za mpunga. Tuyachome, tuyasage, tuyashindilie yawe tofali za mkaa. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na kwa jiko la nyumbani naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini tanuru la chuma si jiko. Tofali la makapi hushikamanishwa kwa udongo au uji wa mhogo. Ukilirundikia mtapo juu yake litasagika. Majivu ya pumba za mpunga ni mengi, na makapi mengi ya mimea yana potasiamu, ambayo huyala matofali ya ndani ya tanuru. Njia moja inayofaa ni kuusaga mkaa huo uwe unga na kuupuliza ndani kupitia mirija ya hewa, upunguze sehemu ya koki. Hapo unasaidia kweli. Lakini msaidizi si mbebaji wa mzigo. Anayekwambia kwamba maganda ya kahawa yatachukua nafasi ya koki yote, mwombe akuonyeshe tanuru moja kubwa linalofanya hivyo.

Najua swali linalonisubiri: basi wewe unataka chuma chetu kikae ardhini, tuendelee kununua cha nje? Hapana. Sheria ya madini ya mwaka 2022 inataka madini yetu yaongezewe thamani hapa kabla ya kuuzwa nje, na mimi nataka hivyo hivyo. Ninachokataa ni kudhani kwamba pasipo makaa ya mawe kilichobaki ni msitu. Kuna kitu ambacho Uganda inacho na ambacho Uingereza ya Darby haikuwa nacho: umeme wa maji.

Oksijeni ya mtapo inaweza kunyang'anywa na haidrojeni badala ya kaboni. Kinachotoka mwishoni ni mvuke wa maji, na chuma kigumu chenye vitundu, kiitwacho chuma sponji, ambacho huyeyushwa baadaye katika tanuru la umeme. Haidrojeni yenyewe hupatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme. Katika mji wa Luleå, Sweden, kampuni tatu, SSAB, LKAB na Vattenfall, zilianzisha kiwanda cha majaribio cha aina hii mwaka 2020, na mwaka uliofuata chuma chake cha kwanza kikakabidhiwa kwa mteja. Na kabla hujasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, tazama Namibia: katika mradi uitwao Oshivela, jangwani, kimejengwa kiwanda kidogo kinachotumia umeme wa jua kuzalisha haidrojeni na kupata chuma kwa njia hiyo hiyo.

Turudi kwenye daftari kwa kiwanda kile kile cha tani 100,000. Njia ya haidrojeni huhitaji takribani megawati-saa 3.5 za umeme kwa kila tani. Zidisha, kisha ugawe kwa saa za mwaka mzima: ni kama megawati 40 zinazofanya kazi bila kusimama. Bwawa la Karuma, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 600. Uwezo wa nchi nzima sasa umepita megawati 2,000, na serikali imekuwa ikilaumiwa kwa kulipia umeme ambao haupati mtumiaji. Weka mezani mizani hiyo: upande mmoja megawati 40, upande mwingine Echuya saba. Halafu niambie ni upi ulio rahisi kupatikana Kigezi.

Sitaficha ugumu wa njia hii, maana hoja inayoficha ugumu wake haina tofauti na matangazo niliyoyakemea. Haidrojeni bado ni ghali. Mitambo ya kutenganisha maji inatoka nje. Umeme wetu hukatika, na kuna watu wanaofungua vyuma vya nguzo za umeme usiku na kuviuza kama chakavu. Laini za umeme zinazofika milimani zinahitaji kuimarishwa. Haya yote ni kweli. Lakini kila shilingi inayotumika kuyatatua inabaki ikimfaa kila mtu: laini iliyoimarishwa kwa ajili ya kiwanda itawasha pia hospitali na shule. Shilingi inayotumika kuchoma msitu hubaki majivu. Tena hatulazimiki kuruka kwa siku moja. Viwanda vyetu vya nondo tayari vinayeyusha vyuma chakavu kwa umeme. Tuanze hapo, tuwafundishe vijana kazi ya tanuru la umeme, na chuma cha Muko kiingizwe kidogo kidogo kadiri haidrojeni inavyoshuka bei. Mtapo hauozi. Umekaa miaka mamilioni. Unaweza kutungoja kumi.

Na kama bado yupo anayeng'ang'ania mkaa, basi nampa masharti matatu, na naomba yaandikwe katika kibali chake kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. La kwanza: shamba kwanza, tanuru baadaye. Miti yote ya mzunguko wa kwanza iwe imesimama, imehesabiwa, na si juu ya ardhi ya chakula wala mahali palipokatwa msitu wa asili. La pili: mkaa wote uchomwe katika matanuri yanayokamata moshi, na wafanyakazi wake waajiriwe na kiwanda chenyewe kwa mikataba, si na dalali wa tatu ambaye kesho hatapatikana. La tatu: kiwanda kisiruhusiwe kununua hata gunia moja sokoni. Siku akiba yake ya miti ikipungua, tanuru lizimwe. Mwenye mradi halisi wa kijani atayakubali masharti haya kwa furaha. Atakayesema kwamba hayalipi atakuwa amekiri mwenyewe kwamba faida yake ilikuwa imefichwa ndani ya msitu wa watu wengine.

Nimalizie kwa neno kwa wenzangu wa Kiswahili na kwa walimu wetu. Mtaniuliza mambo haya yanatuhusu nini, sisi wa fasihi na sarufi. Yanatuhusu sana. Ripoti za tathmini ya mazingira huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na mwenye shamba pale Muko huambiwa tu kwamba litakuja “tanuru la makaa safi”. Makaa gani? Safi kwa nani? Yanatoka mlima upi? Maswali hayo matatu yanahitaji watu wanaojua kutenganisha mkaa na makaa ya mawe, koki na tofali la makapi, kwa maneno ambayo mzee barazani atayaelewa na kuyauliza tena mbele ya mkuu wa wilaya. Kiswahili kimetangazwa kuwa lugha rasmi nchini mwetu. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mkulima ni nini kitakachoteketezwa ili chuma kipatikane, urasmi wake ni wa kubandikwa ukutani tu.

Chuma cha Muko ni chetu, na msitu wa Echuya ni wetu. Asitokee mtu wa kutushawishi tukilipe kimoja kwa kingine, na huku mto wa Nile unapita Karuma mchana na usiku ukitungoja.